Bendi ya progu na mauzo yanayoporomoka: mwongozo kamili wa kujiendesha

Bendi ya roki ya progresivu, au progu kwa mkato, ina wasikilizaji wachache na nyimbo ndefu. Kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki mtandaoni mambo hayo mawili huiumiza. Spotify huhesabu usikilizwaji mmoja msikilizaji akifikisha sekunde 30, kisha hulipa kwa idadi ya mara, si kwa dakika. Mtu akikaa na kibao chenu cha dakika 20 mwanzo hadi mwisho, mmehesabiwa mara moja. Katika dakika hizo hizo shabiki wa pop amemaliza nyimbo sita au saba, na zote zimehesabiwa. Makadirio ya kawaida ni dola 3 hadi 4 kwa kila mara 1,000, tena kabla lebo na msambazaji hawajachukua chao. Bendi ya watu watano yenye wasikilizaji 8,000 duniani kote haiwezi kula kwa hesabu hiyo, hata kama wote wanaipenda kwa dhati.

Lakini msikilizaji aliyekubali kukaa dakika 20 ndiye pia anayenunua santuri mbili kwa pauni 32, anayesoma kijitabu neno kwa neno, na anayepanda ndege kwenda kutazama onyesho moja. Kazi kubwa ya bendi ni kumjua mtu huyo kwa jina na kumfikia bila kupitia mlango wa mtu mwingine. Mifano na bei hapa ni za Uingereza, kwa sababu huko ndiko bendi za aina hii zilikotangulia kujiendesha namna hii.

Hatua ya 1: Orodha kwanza, albamu baadaye

Lebo ya EMI iliachana na Marillion, bendi ya progu ya Uingereza, baada ya albamu yao ya 1995. Mwaka 1997 bendi haikuwa na fedha za kwenda ziara Marekani. Mashabiki wakajipanga wenyewe kupitia intaneti na kuchanga takriban dola 60,000. Kwa albamu iliyotoka 2001, bendi iliwaandikia mashabiki kuwauliza kama wangelipia CD ambayo bado haijarekodiwa. Zaidi ya 12,000 walilipa. Wengi wanaosimulia habari hii huruka jambo lililoiwezesha: anwani zilikuwa zimekusanywa tayari. Bila orodha, wazo lile lingebaki tangazo tupu.

Orodha hukusanywa hasa kwenye maonyesho. Wekeni meza ya bidhaa njia ya kutokea, na juu yake simu au tableti yenye fomu iliyofunguliwa tayari, pamoja na msimbo wa QR uliochapwa kwa ukubwa wa A4. Fomu za karatasi zinaponza, maana barua pepe nyingi hazisomeki kesho yake. Ulizeni mambo matano tu: jina, barua pepe, nchi, mji, na kama mtu hununua CD, santuri au faili. Mji ni muhimu kuliko mnavyodhani, kwa sababu ndio utakaowaambia pa kwenda kupiga. Mwimbaji aitangaze orodha kabla ya wimbo wa mwisho. Akingoja mpaka taa ziwake, nusu ya ukumbi iko kwenye foleni ya makoti.

Wapeni sababu ya kujiandikisha. Rekodi ya onyesho ya utenzi wenu (wimbo mrefu wenye sehemu kadhaa) mrefu kuliko yote, katika faili la FLAC lisilopunguza ubora wa sauti, huvuta watu wa progu kuliko punguzo la bei.

Kisha kuna upande wa kiufundi, ambao hupuuzwa mpaka siku barua zinapoishia kwenye taka. Tumeni kutoka kwenye anwani ya tovuti yenu wenyewe, si ya Gmail, na hakikisheni rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, zimewekwa kwenye mipangilio ya jina la tovuti. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wingi, na asiye na rekodi hizo hukataliwa. Kiungo cha kujiondoa kionekane wazi, na msimwingize mtu bila idhini yake. Sheria za Uingereza na Umoja wa Ulaya haziruhusu. Kila mwezi pakueni orodha yote kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, liwekwe mahali pawili. Akaunti ya huduma ya barua inaweza kufungwa ghafla, na kazi ya miaka ikaenda nayo.

Hatua ya 2: Oda za awali

Oda za awali zina faida mbili: zinaleta fedha kabla ya kiwanda kudai, na zinawaambia mtengeneze nakala ngapi. Ya pili ndiyo huokoa bendi nyingi zaidi. CD 400 zisizouzwa chini ya kitanda cha mpiga besi ni fedha zilizokufa.

Anzeni na barua ya swali miezi minane kabla ya tarehe ya kutoka: nani atataka CD, nani santuri, nani toleo maalumu, na kwa bei gani? Kateni majibu kwa nusu, maana kusema ndiyo ni rahisi kuliko kutoa kadi. Fungueni oda muziki ukiwa umesharekodiwa na uchanganyaji sauti umeanza. Marillion waliuza albamu ambayo haijarekodiwa kwa sababu walikuwa na mashabiki wa karibu miaka 20. Bendi ya albamu mbili haina akiba hiyo ya imani, na kuchelewa mwaka mzima kutaiharibia jina. Acheni dirisha wazi wiki sita. Mauzo mengi huja siku tatu za kwanza na siku mbili za mwisho, kwa hiyo barua ya ukumbusho itoke saa 48 kabla ya kufunga.

Hesabu ya mfano iwe hivi. Watu 500 wananunua CD kwa pauni 14, 250 wananunua santuri mbili katika jalada moja kwa pauni 32, na 80 wananunua sanduku maalumu kwa pauni 65. Jumla ni pauni 20,200, na nauli ya posta mnunuzi analipa kando. Sasa toeni gharama, mkichukulia CD 600 kwa pauni 1.80 kila moja (1,080), seti 300 za santuri kwa pauni 11 (3,300), masanduku 100 kwa pauni 24 (2,400), vifungashio pauni 1,000 na ada za kadi pauni 600. Zinabaki pauni 11,820 za studio, uchanganyaji, masta (toleo la mwisho la sauti la kupeleka kiwandani) na mchoraji wa jalada, na juu yake kuna akiba ya CD 100, seti 50 za santuri na masanduku 20. Andikeni hesabu yenu kwa mtindo huu kabla ya kutangaza chochote. Ikiwa gharama hazirudi kwa nusu ya mauzo mnayoyatarajia, toleo maalumu ni kubwa mno au studio ni ghali mno.

Majina ya walionunua mapema yachapwe ndani ya kijitabu. Marillion walifanya hivyo kwa toleo maalumu la albamu yao ya 2004, na mpaka leo ni kivutio kisichogharimu karibu chochote. Ila kina mtego. Jedwali la majina likihifadhiwa bila UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote), herufi kama ø, ł na é hugeuka alama zisizosomeka, na shabiki wa Poland aliyelipa pauni 65 ataliona jina lake limeharibiwa milele. Pakueni kwa UTF-8, mpangaji kurasa atumie fonti yenye herufi zote hizo, kisha tumeni ukurasa wa majina kwa wahusika waukague siku saba kabla ya kwenda kiwandani.

Mnaweza kuuza kupitia tovuti yenu, Bandcamp (duka la muziki mtandaoni) au Kickstarter (jukwaa la kuchangisha fedha). Kickstarter huchukua asilimia 5 pamoja na ada za malipo, na msipofikia lengo hampati kitu. Bandcamp huchukua asilimia 10 ya bidhaa na asilimia 15 ya faili, inayoshuka hadi 10 mkishauza dola 5,000 ndani ya miezi 12. Popote mnapouzia, jueni fedha ziko mikononi mwa nani na zinafika kwenu lini. PledgeMusic, jukwaa lililopendwa sana na bendi za roki, lilianguka 2019 likiwa na fedha za mashabiki ambazo wasanii hawajalipwa, na baadhi ya bendi zilibaki na deni la CD ambazo hazikuwa na uwezo wa kuzitengeneza. Fedha zikiingia, kiasi cha kiwanda na posta kiende moja kwa moja kwenye akaunti ya pembeni ambayo hakuna mwanabendi anayeigusa.

Hatua ya 3: Santuri, na kwa nini mwisho wa utenzi hukwaruza

Santuri ya inchi 12 kwa mizunguko 33 hubeba dakika 18 hadi 20 kila upande kwa ubora mzuri. Ukivuka 22, fundi wa kuchonga mifereji analazimika kupunguza sauti na besi ili mifereji ienee, na shabiki ataongeza sauti nyumbani na kusikia michakaricho. Hii ndiyo sababu albamu ya dakika 55 inakwenda kwenye santuri mbili.

Tatizo la pekee la progu liko ndani zaidi. Santuri huzunguka kwa kasi moja, lakini mfereji wa karibu na kitovu ni mfupi kuliko wa ukingoni, kwa hiyo sindano hupita pale polepole na maelezo ya sauti za juu hubanwa. Nyimbo za pop hukwepa hili kwa kuweka wimbo mtulivu mwisho wa upande. Utenzi wa dakika 20 hufanya kinyume: kilele, yaani kwaya, kinanda cha ogani na matoazi yote, kiko dakika mbili za mwisho, pale pale santuri ilipo dhaifu. Matokeo yake ni mkwaruzo ambao mashabiki hulaumu kiwanda. Dawa ni kumwambia fundi mapema kilele kiko dakika ya ngapi, kutengeneza masta ya santuri mbali na ya CD, kulainisha sauti kali za "s" na za matoazi, na kuufupisha upande ukae karibu na dakika 18. Kama utenzi hauwezi kufupishwa, upeni upande mzima peke yake, msiongeze hata wimbo wa dakika mbili.

Kiwanda kitawatumia santuri za majaribio, kwa kawaida tano au zaidi. Wagawieni watu watatu wenye gramafoni tofauti, na kila mmoja aandike dakika na sekunde ya kila mlio usiotakiwa. Mlio ukitokea mahali pale pale kwenye nakala zote, kosa liko kwenye uchongaji au bamba la kuchapia, na ni haki yenu kudai lirudiwe. Ukiwa kwenye nakala moja tu, ni vumbi au kasoro ya nakala hiyo, endeleeni. Msikubali kupitisha majaribio kwa kuwa tarehe imekaribia.

Someni pia kifungu cha idadi. Viwanda vingi hujiwekea ruhusa ya kuleta pungufu au zaidi kwa asilimia 10. Mkiagiza 300 mnaweza kupokea 270. Kwa hiyo oda za awali zisipite asilimia 85 ya mlichoagiza, na wekeni angalau asilimia 5 kwa ajili ya kubadilishia zitakazovunjika njiani.

Hatua ya 4: Posta

Faida ya albamu nzima inaweza kuyeyuka hapa. CD katika jalada la karatasi inaingia kwenye daraja la barua kubwa la Royal Mail, posta ya Uingereza: sentimita 35.3 kwa 25, unene milimita 25, uzito hadi gramu 750. Santuri haiingii kamwe kwa sababu ya upana, hivyo inakwenda kama kifurushi kidogo, ambacho mwisho wake ni sentimita 45 kwa 35 kwa 16 na kilo 2. Pimeni boksi lenyewe kwa rula kabla ya kununua mia tatu. Yapo maboksi mazuri ya santuri yenye upana wa sentimita 36, na sentimita hiyo moja inapandisha kila kifurushi hadi daraja la juu.

Santuri itoke nje ya jalada lake wakati wa kusafiri. Ibaki kwenye mfuko wa ndani, iwekwe nyuma ya jalada, vyote viwili ndani ya mfuko wa plastiki. Ikiachwa ndani, kifurushi kikidondoka santuri hukata ukingo wa jalada, na malalamiko ya majalada yaliyopasuka huwa mengi kuliko ya santuri zilizovunjika.

Forodha inahitaji namba sahihi za bidhaa: 8523.80 kwa santuri, 8523.49 kwa CD na Blu-ray, 6109 kwa fulana. Kwa wanunuzi wa Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021 kuna utaratibu wa IOSS kwa mizigo isiyozidi euro 150: kodi ya ongezeko la thamani inalipwa wakati wa kununua. Msipoutumia, mtu wa posta anambishia shabiki hodi akidai kodi pamoja na ada ya kushughulikia, na wengine hukataa mzigo. Kwa Marekani, msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 uliondolewa 29 Agosti 2025, kwa hiyo hakikisheni masharti ya sasa kabla ya kutangaza nauli. Mkiwa na wanunuzi wengi huko, pelekeni mzigo mmoja mkubwa kwa mtu au kampuni inayosambaza kutoka ndani.

Bendi iliyoko Nairobi au Dar es Salaam isithubutu kuleta santuri nyumbani ili izitume tena Ulaya. Zichapwe Ulaya na zitumwe kutoka huko huko. Bandcamp hulipa kupitia PayPal, na Kenya tangu 2018 fedha za PayPal huweza kuhamishiwa M-Pesa.

Hatua ya 5: Kukata utenzi kwa ajili ya majukwaa

Kwa kuwa malipo ni kwa kila kibao kinachosikilizwa, si kwa dakika, utenzi wa dakika 22 ugawanywe kwa sehemu zake kwenye majukwaa ya kusikiliza, lakini ubaki faili moja zima kwa wanaonunua Bandcamp. Msikate ovyo. Tangu 2024 Spotify hailipi kibao ambacho hakijafikisha mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita, na wasikilizaji hupungua kila sehemu inayofuata. Utenzi uliosikilizwa mara 3,000 mwanzoni, ukigawanywa vipande kumi, huenda vinne vya mwisho visilipwe kabisa. Vipande vinne au vitano vinatosha, kila kimoja na namba yake ya ISRC, inayoitambulisha rekodi.

Mahali pa kukata pawe palipo na badiliko la kweli la muziki, na wimbi la sauti liwe linapita sifuri. Kwenye CD mpaka uangukie kwenye fremu: kuna fremu 75 kwa sekunde, kila moja sampuli 588. Usipoangukia hapo, programu nyingi hujaza kilichobaki kwa ukimya, na msikilizaji husikia tiki katikati ya mlio wa ogani. Pelekeni faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa. MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzo na mwisho wa kila faili, na hapo hakuna marekebisho yatakayosaidia.

Hatua ya 6: Wikendi moja badala ya ziara

Ziara ya miji 15 yenye watu 90 kila mahali inakula fedha za gari, hoteli na mafundi kila siku. Big Big Train, bendi ya Uingereza yenye wanamuziki kutoka nchi kadhaa, ilirudi jukwaani Agosti 2015 baada ya miaka mingi kwa maonyesho matatu katika ukumbi mmoja, Kings Place, London, na mashabiki wakasafiri kuifuata. Marillion tangu 2002 wana wikendi zao wenyewe, usiku tatu wenye orodha tofauti za nyimbo, nyingi kati yake kwenye kijiji cha likizo cha Port Zélande, Uholanzi.

Kwa bendi ndogo, usiku mbili zinatosha. Chagueni mji kwa kutazama safu ya mji kwenye orodha yenu, si kwa kuwa ukumbi fulani una jina. Uzeni kwa walioko kwenye orodha saa 72 kabla ya umma. Watu 350 kwa usiku mbili kwa pauni 35 ni pauni 24,500. Badilisheni angalau nusu ya nyimbo kati ya usiku mmoja na mwingine na mlitangaze hilo mapema, la sivyo hamna sababu ya kumuuzia mtu tiketi mbili. Gharama inayosahaulika ni mazoezi: wanamuziki wanaoishi nchi tofauti wanahitaji siku nne au tano pamoja, na hizo ni nauli, vyumba na studio.

Rekodini kila kitu. Chaneli 40 kwa 48 kHz na biti 24, kwa saa mbili na nusu, ni takriban GB 52 kwa usiku. Tumieni mashine mbili za kurekodi kwa wakati mmoja; moja ikikwama, wikendi haijapotea. Rekodi hiyo ni albamu ya onyesho ya mwaka ujao, na imeshalipiwa na tiketi.

Mkivuka kwenda Umoja wa Ulaya, raia wa Uingereza ana siku 90 kati ya kila 180, na vibali vya kazi hutofautiana kwa nchi. Fulana zinazobebwa kwenda kuuzwa ni bidhaa za biashara na lazima zitangazwe forodhani. Kwa kawaida ni nafuu kuzichapa upande ule.

Hatua ya 7: Kabati la rekodi, na wanachama

Robert Fripp wa bendi ya progu ya King Crimson na David Singleton walianzisha kampuni ya rekodi ya DGM mwaka 1992, na moja ya kazi zake kubwa imekuwa kuuza rekodi za maonyesho ya zamani moja kwa moja kwa mashabiki. Bendi yenye miaka kumi tayari ina kabati kama hilo: rekodi za ubao wa sauti, majaribio ya studio, matoleo ya kwanza ya tenzi. Andikeni kila moja tarehe, mahali na hali ya sauti, muihifadhi kwa WAV mahali pawili, kisha mtoe moja kila mwezi kwa wanachama wanaolipa pauni 5. Wanachama 200 ni pauni 12,000 kwa mwaka kabla ya makato, na Patreon, jukwaa la uanachama wa kulipia, sasa huchukua asilimia 10 kwa wanaojiunga wapya kama watengenezaji. Ahadi iwe ndogo na itimizwe. Mwezi mmoja mkikosa husameheka, miwili ikifuatana watu hujiondoa na hawarudi.

Mirabaha na makubaliano

Watunzi wajiandikishe PRS for Music, inayowakusanyia mirabaha ya utunzi, na wapigaji wote pamoja na mwenye rekodi wajiandikishe PPL, inayokusanya ya rekodi, ambako kujiunga ni bure. Utenzi uliokatwa vipande lazima usajiliwe kwa vipande hivyo hivyo, majina yakilingana herufi kwa herufi na yale yaliyoko kwenye majukwaa. Baada ya kila onyesho mtu mmoja, yule yule siku zote, apeleke orodha ya nyimbo zilizopigwa. Mgawanyo wa utunzi usainiwe siku miksi ya mwisho inapokubaliwa, kabla fedha hazijaingia: nani aliandika maneno, nani aliandika sehemu ipi, asilimia ngapi, na nini kinatokea mtu akiondoka. Rekodi mzigawe kando na utunzi, na muamue hapo hapo nani anaimiliki orodha ya mashabiki bendi ikivunjika.